Bitana ya Jicho

Mtu wa kwanza ambaye Pindo alimwomba msaada asubuhi ile hakumjibu, na alikuwa na sababu ya kueleweka: alikuwa wa plastiki.

Jengo la maduka lilikuwa limefurika. Watu walikanyagana visigino, mikoba ikagongana, spika ya duka la simu ikashindana na spika ya duka la viatu kama wake wenza. Katikati ya vurugu ile Pindo, katika gauni la bluu lililomkaa kana kwamba alizaliwa nalo, alimsogelea bwana mmoja mrefu aliyesimama mlangoni mwa duka la nguo, mtulivu, asiye na haraka ya dunia.

"Samahani kaka, duka la vifungo limehamia wapi?"

Bwana akanyamaza.

"Kaka, nakuuliza kwa adabu."

Kimya.

"Haya. Suti nzuri, malezi hakuna."

"Usimlaumu, dada," sauti ikasema kutoka nyuma yake. "Bosi wake kamkataza kuongea na wateja. Hata chai hapewi."

Pindo akanyoosha mkono, akagusa kifua cha yule bwana. Kigumu, cha baridi, cha kubishwa hodi. Fundi cherehani mzima, mtu aliyekulia katikati ya masanamu ya kuvalishia nguo, alikuwa ametoka kugombana na sanamu. Ardhi ingepasuka, angeingia na mkoba wake.

"Umekuwa hapo tangu lini?"

"Tangu 'samahani kaka'."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka kusikia atajibu nini."

Pindo hakupanga kucheka, lakini kicheko hakiombi ruhusa. Aligeuka kumtazama mwenye sauti, akaona kile alichokiona kwa kila mtu asubuhi za siku zile: doa refu, la kijivu, lenye harufu ya grisi na sabuni ya kufulia. Doa lile lilikuwa fundi wa lifti wa jengo lile. Lilimpokea mkoba, likampeleka mpaka duka la vifungo, likamsomea rangi za vifungo moja moja bila kuuliza kwa nini fundi cherehani anasomewa rangi. Kutouliza kule ndiko kulikomfanya Pindo atoe namba ya simu.

Kwenye simu alimwandika Sanamu. Yeye mwenyewe, jina la Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa mtaani kwao hakuna aliyekunja pindo la gauni likapotea machoni kama yeye. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli mpaka macho yalipoanza kumsaliti.

Asubuhi yalikuwa kama kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto. Kufika alasiri mvuke ulipungua, lakini haukuisha: aliweza kuona kwamba mtu ana uso, hakuweza kuona ni uso gani. Alishona kwa vidole. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye nyuma ya duka lake la ushonaji, ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Wateja walivaa, wakajigeuza mbele ya kioo, wakasema "pametulia," wakaenda zao. Wengine hawakurudi, na Pindo akajiambia wamehama.

Sanamu akawa anapita dukani jioni akitoka kazini. Walikaa kwenye benchi la wateja, Shangazi akiwa nyuma ya pazia akijifanya anapiga pasi. Pasi ile ilikuwa haijachomekwa.

"Nikwambie kitu," Sanamu alisema jioni moja. "Mimi uso wangu una kovu. Si dogo. Waya wa lifti ulikatika, ukanichapa kutoka hapa kwenye nyusi mpaka shingoni. Nilikuwa na mchumba. Alikuja hospitali, akanitazama, akasema anaenda kuninunulia maji. Mpaka leo anayatafuta."

"Labda foleni ilikuwa ndefu."

"Pindo, nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Kovu ni pindo la ngozi. Ngozi imechanika, imekunjwa, imeshonwa. Kazi yangu ni kukagua pindo kama limenyooka."

"Halijanyooka."

"Basi tutamtafuta fundi tumseme."

Alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo kuanza, na Pindo, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kufanya kazi ya macho, alisikia ule uchelewaji. Mtu huyu alikuwa akikaa naye kwa raha kwa sababu hamwoni. Raha hiyo ingeisha siku ya kuona. Lilikuwa jambo la kushangaza kidogo kumpenda mtu anayekuombea upone huku akiiogopa ile siku.

Ndipo akamshonea shati. Alichagua kitambaa cha manjano, manjano ya kupiga kelele, ili popote penye watu aweze kumtambua.

"Hata katikati ya umati nitaona manjano inakuja, nitajua ni wewe."

"Wenzangu kazini watasema nimekuwa taa ya barabarani."

"Taa husimamisha watu. Vaa."

Alishona siku nzima akiimba. Shangazi alimtungia uzi, akaliangalia lile shati lilivyokuwa likizaliwa, akafungua kinywa, akakifunga. Sanamu alilipokea, akalivaa palepale, akakaa kimya kwa muda ambao Pindo aliuhesabia kuwa ni furaha.

"Limenikaa," akasema.

Tangu siku hiyo hakuja dukani bila lile shati.

*

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na waoga.

"Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho," alimweleza Pindo. "Una matabaka kadhaa pale. Tuseme ni koti. Koti lako ni zima, bitana ndiyo imechoka. Ile bitana ina seli zinazosukuma maji yatoke. Zako zimekufa nyingi, kwa hiyo konea inalowa na kuvimba. Ukilala umefumba macho inalowa zaidi, ndiyo maana asubuhi kwako ni mbaya. Zamani tungeondoa koti zima. Siku hizi tunatoa bitana tu, tunaweka nyingine, ya mtu aliyefariki akaacha ruhusa."

"Mnaishona kwa uzi gani?"

"Bitana hatuishoni. Tunaweka kiputo cha hewa ndani ya jicho. Unalala chali, hewa inapanda, inaibana bitana mpaka ishike."

Pindo akatafakari. Hili lilikuwa jambo la kazi yake. "Kwa hiyo hewa ndiyo pini."

"Hewa ndiyo pini. Ukiinukainuka kabla sijakuruhusu, pini inachomoka, bitana inajikunja, tunarudi mezani upya."

"Na mkinifungua bandeji nitaona?"

"Utaona kwamba huoni," Daktari alisema, wala hakutabasamu. "Kwanza utaona hewa yenyewe, kama maji yanayotikisika kwenye chupa. Ikiisha, utaona ukungu. Halafu kidogo kidogo. Majuma, wengine miezi. Bitana hiyo imetoka safarini, haianzi kazi siku ya kwanza. Tutafanya jicho la kulia, la kushoto lisubiri zamu. Na tafadhali waambie watu wako mapema, maana wakiona bandeji imetoka wanaanza kukupungia mikono."

Pindo aliitikia vizuri sana. Kisha hakumwambia mtu.

Baada ya upasuaji alilala chali nyumbani, pua ikitazama dari, mto chini ya magoti, kikinga cha plastiki juu ya jicho. Shangazi alimlisha kwa kijiko na kumtia matone kwa mkono uliotetemeka, tone la kwanza jichoni, la pili shavuni, la tatu sikioni. Daktari alikuwa amekataza wageni, kwa hiyo simu ikawa juu ya kifua, kwenye spika.

"Unafanya nini?"

"Natazama dari."

"Inasemaje?"

"Inasema unapiga simu mno."

"Na mimi nimelala chali," Sanamu akasema. "Juu ya kibanda cha lifti. Natazama juu shimoni."

"Weeee. Si itapanda ikubane?"

"Nimeizima mwenyewe, ufunguo ninao mfukoni. Kuna wazee wawili huko chini wananitukana. Lakini nikasema mwenzangu akitazama juu peke yake atachoka."

"Huna kazi wewe."

"Ninayo. Ndiyo hii."

Nyuma ya pazia, Shangazi alivuta pua kwa nguvu, akasingizia vitunguu.

Bandeji ilipotoka, kila kitu kilikuwa kama Daktari alivyosema. Mstari ulitikisika mbele yake kama maji chupani, na nyuma ya mstari ulimwengu ulikuwa maziwa.

"Waniona, mwanangu?" Shangazi akauliza, mikono kifuani.

"Nakuona, Shangazi."

Hakusema uongo. Alimwona kama mtu anavyoliona kabati gizani, kwa ukubwa. Lakini Shangazi alikwisha kutoka nje akiwatangazia majirani, vigelegele vikapigwa, mteja mmoja akaleta gauni la kupunguzwa kiuno. Ukweli una mlango mwembamba; ukichelewa kuutoa, furaha za watu zinaukalia mlangoni.

Sanamu alipopiga, Pindo alikuwa tayari amekwisha kuingia kwenye ule uongo mpaka magotini.

"Vipi, Fundi?"

"Naona."

Upande wa pili bisibisi ikaanguka.

"Unaona kila kitu?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Lakini alifikiria vile alivyokuwa akishikwa mkono kwenye ngazi, akisomewa rangi za vifungo, akisubiriwa kama mgonjwa. Akafikiria pia kwamba pengine bitana haikushika, na Daktari hataki kumvunja moyo. Alitaka japo mara moja akutane na mwanamume huyu kama mwanamke mzima, si kama mzigo.

"Kila kitu," akasema.

"Basi nataka tucheze mchezo," Sanamu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza. "Ukiruhusiwa kutoka, njoo jengoni kwetu, palepale pa siku ya kwanza. Sitakuita. Sitasema neno. Wewe utanichagua mwenyewe."

"Na nikichagua mwingine?"

"Nitampa hongera."

Pindo alicheka. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Angetafuta manjano.

*

Siku yenyewe alivaa gauni la rangi ya zambarau lenye mikono mirefu, miwani myeusi aliyopewa na Daktari, na viatu vya chini, kwa kuwa kujivuna kuna mipaka. Shangazi alimsindikiza mpaka mlango mkuu, magoti yakamgomea, akakaa kwenye benchi karibu na mlinzi. Pindo akaingia peke yake, akihesabu nguzo kwa kiganja bila mtu kujua.

Duka la nguo alilipata kwa spika zake. Mlangoni, katikati ya maziwa, aliona vitu viwili virefu vyeupe vimesimama. Biashara imekua, akajisemea, wameongeza sanamu la pili. Akavua miwani, akalitazama la kwanza, akalitazama la pili. Alisogea karibu kabisa, akitazama mbele na pembeni na nyuma yao, akisaka manjano. Watu walipita: wekundu, weusi, kijani, mtoto mwenye puto. Manjano haikupita.

Alisubiri mpaka miguu ikauma. Kisha akavaa miwani na kuondoka.

"Vipi?" Shangazi akauliza.

"Hakuja."

Simu ililia walipokuwa hawajafika hata nyumbani.

"Ulifika?" Sanamu aliuliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Nilifika. Wewe je?"

"Ulinitafuta?"

"Nilikutafuta kila mahali."

"Na ukaona vizuri?"

Pindo alikuwa na hasira ya mtu aliyesimamishwa, na hasira ni mshauri mbaya anayejibu haraka. "Niliona kila kitu kilichokuwepo pale. Hapakuwa na cha kunisimamisha."

Upande wa pili wa simu lifti ililia kengele yake, mlango ukafunguka, ukafungwa.

"Basi vizuri," Sanamu akasema. "Heri umesema. Nakutakia afya ya jicho, dada."

Dada. Baada ya 'fundi', 'mpenzi' na 'mwenzangu', leo dada, kama mteja. Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, na kesho yake hivyohivyo, na Pindo akahitimisha mambo mwenyewe: mwanamume huyu alipenda kumshika mkono kipofu. Mkono haushikwi tena, penzi limekosa kazi.

"Wapo wa hivyo," Shangazi alisema, akimlenga jicho kwa tone na kulikosa. "Wanapenda kutegemewa. Ukisimama wanaona umewatukana."

"Sikusimama, Shangazi. Ndiyo kwanza nilikuwa napapasa."

Shangazi akashusha kichupa. "Unasema?"

Kwa mara ya kwanza Pindo akasema yote: mstari wa maji, maziwa, kabati. Shangazi alimsikiliza, akaketi kitandani, kitanda kikalalamika.

"Na vigelegele vyangu vyote vile?"

"Vilikuwa vizuri, Shangazi."

"Mtoto una kiburi wewe. Umerithi kwa baba yako. Mimi ndugu yake sina hata kidogo."

*

Bitana ilishika. Haikutangaza. Ilifanya kazi yake kama mgeni mwenye haya anayeosha vyombo bila kuombwa. Asubuhi moja Pindo aliamka akaona ukingo wa dirisha ni mstari, si moshi. Siku nyingine akasoma jina kwenye kichupa cha dawa. Kisha, alasiri ya kawaida kabisa, Shangazi akiwa sokoni, alilamba uzi, akainua sindano kwenye mwanga, akapitisha uzi tunduni. Aliuvuta ukaja. Akauchomoa, akaupitisha tena, kwa kutoamini. Alikaa na sindano mkononi akilia, akikumbuka kuwa haruhusiwi kusugua jicho, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa cha mteja.

Alimfikiria mtu asiyemjua, aliyefariki akaacha ruhusa. Halafu akamfikiria mtu anayemjua, na hilo ndilo lililouma.

Shida ya kuona ni kwamba unaona. Siku zilizofuata alitoa nguo zilizokuwa zikingoja wenyewe, alizozishona katika ukungu, akazikagua. Pindo za Pindo zilikuwa zimepanda na kushuka kama njia ya mlevi. Sasa akajua wale wateja walihamia wapi. Alifumua moja, nyingine, ya tatu. Uzi wa bluu ukaisha.

Ndiyo maana akarudi jengo la maduka: kwa ajili ya uzi. Hivyo ndivyo alivyomwambia Shangazi, na Shangazi akasema, "Haya, kanunue huo uzi," kwa sauti iliyouvisha ule uzi shati la manjano.

Mlangoni mwa duka la nguo alisimama. Sanamu la plastiki aliliona kwa mara ya kwanza kama lilivyo: pua imebanduka, kidole kimoja hakuna, suti imefungwa pini mgongoni ili ionekane imekaa. Lilikuwa moja. Alitafuta la pili.

"Lile jingine mmeliuza?" alimuuliza muuzaji, mwanamke mnene aliyekuwa akikunja suruali.

"Jingine lipi, dada? Tunalo hilo moja tangu duka lifunguliwe."

"Lilikuwepo jingine hapa. Jeupe."

Muuzaji akaacha kukunja, akamtazama gauni, akamtazama uso. "Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyekuja na miwani. Sasa mbona unauliza? Yule alikuwa fundi wa lifti. Alinunua shati jeupe hapa hapa kwangu, la bei, akalivaa, akaomba asimame mlangoni kama sanamu amshangaze mtu wake. Sisi tukacheka. Ukaja, ukavua miwani, ukamtazama usoni karibu hivi, ungeweza kumbusu. Ukaondoka." Akachukua suruali nyingine. "Nimeona mengi kwenye biashara hii, lakini ule ulikuwa ukatili wa kutulia."

Pindo akashika fremu ya mlango. Maneno yake mwenyewe ya kwenye simu yalikuwa yanarudi kichwani, neno kwa neno, na kila moja sasa lilikuwa na uso wa kulipokea: hapakuwa na cha kunisimamisha.

"Yuko wapi?"

"Lifti ya nyuma imekwama. Fuata kelele za watu wanaopanda ngazi."

Alizifuata. Ghorofani, mwisho wa korido, mlango wa lifti ulikuwa umeachwa wazi, ubao wa tahadhari mbele yake, na mtu amepiga magoti akifunga skrubu ya kitufe. Alikuwa amempa mgongo. Ovaroli ameivua nusu, mikono yake ameifunga kiunoni.

Pindo alikuwa hajawahi kuuona uso wa mtu huyu. Hakumjua kwa uso. Alimjua kwa shati.

Mgongo ulikuwa manjano ya kiini cha yai. Mkono wa kulia ulikuwa manjano ileile. Mkono wa kushoto ulikuwa wa jora jingine kabisa, rangi ya chungwa iliyoanza kujuta. Bega moja lilikuwa limepanda, jingine limekata tamaa. Kola ilitazama dirishani. Kila mshono wa lile shati ulikuwa wa kwake, na hakukuwa na hata mmoja ambao angeuruhusu utoke dukani kwake. Naye alikuwa amelivaa kazini, mbele ya wenzake, mbele ya ghorofa zote za jengo zima, wakati wote huo, na sasa pia, baada ya yote.

Akasogea mpaka kwenye ubao. Akasimama.

"Samahani kaka," akasema. "Duka la vifungo limehamia wapi?"

Bisibisi ikasimama. Mgongo haukugeuka.

"Kaka, nakuuliza kwa adabu."

Kimya.

"Haya, nisimlaumu," Pindo akasema. "Pengine bosi wake kamkataza kuongea na wateja."

Sanamu akageuka taratibu, kama mtu anayetoa jeraha likaguliwe. Kovu lilianza kwenye nyusi, likashuka shavuni, likaingia ndani ya kola. Pembeni yake kulikuwa na uso uliochoka, wenye masikio makubwa na macho mazuri kuliko alivyoyatunga kichwani.

"Lifti imeharibika, dada," akasema. "Tumia ngazi."

"Siku ile sikuona."

"Ulinitazama."

"Nilitazama doa jeupe. Nikasema duka limeongeza sanamu. Nilikuwa natafuta manjano."

"Uliniambia unaona kila kitu."

"Nilikudanganya. Jicho hili halifunguki kama dirisha, linafunguka kama mkono wa bahili. Daktari aliniambia niwaambie watu, nikaona aibu. Nilitaka nikujie mwenyewe, bila kushikwa."

Sanamu aliiweka bisibisi chini, akaiokota, akaiweka tena.

"Nilivaa jeupe," akasema polepole, "kwa sababu niliona hili la manjano ni la macho yasiyoona. Nikasema siku ya kuona mtu avae kitu cha kuonekana." Akatazama sakafuni. "Nilifikiri umeenda kununua maji."

Hapo Pindo hakuwa na mzaha. Alisogea, akavuka ubao wa tahadhari, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha kama anavyogeuza kitambaa. Alilifuata kovu kwa jicho moja jipya, kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Halijanyooka," akasema.

"Nilikwambia."

"Lakini aliyelishona ana mkono kuliko aliyeshona hili shati. Ulijua?"

"Kuhusu mkono wa kushoto?"

"Kuhusu mkono wa kushoto."

"Kila mtu anajua kuhusu mkono wa kushoto. Kazini wanaiita mikono ya baba mmoja, mama mbalimbali."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa umefurahi." Uso wake ulianza kulegea, upande wenye kovu ukichelewa kidogo kuliko mwingine, na Pindo akajua ule uchelewaji wa vicheko ulitoka wapi. Haukuwa shaka, ulikuwa ngozi. Miezi yote ile alikuwa ameusoma vibaya. "Wewe unadanganya unaona, mimi nadanganya limenikaa. Tumefaana."

"Livue nilifumue."

"Hapa?"

"Nina sindano mkobani."

"Hili haliguswi. Hili litaguswa na mtu wa nyumbani kwangu tu."

Pindo akafunga mkoba aliokuwa ameanza kuufungua. Chini, mtu alipiga kelele akiuliza lifti itapona leo au mwakani.

"Jicho la kushoto nalo lina zamu yake," akasema hatimaye, akikagua kifungo kilichokuwa kimeruka tundu. "Nitalala tena chali. Matone ni ya miezi. Shangazi shabaha yake unaijua, sikio langu linaona vizuri kuliko jicho. Kutia dawa ni kazi ya mtu wa nyumbani."

"Hiyo ni posa, Pindo?"

"Mimi ni mwanamke mwenye heshima. Siposi. Nakueleza ratiba ya dawa."

Sanamu akacheka, upande mmoja kwanza, kisha wa pili.

*

Shangazi alipomwona mkwe kwa mara ya kwanza akiwa na shati lile kwenye mwanga wa mchana, alimwomba radhi kwa niaba ya familia.

"Mimi niliuona ule mkono ukishonwa," akasema. "Lakini mwanangu alikuwa anaimba."

Zamu ya jicho la kushoto ilipofika, muuguzi alitoka kwenye korido iliyojaa jamaa za wagonjwa, akauliza nani ni mume wa mama aliyelala kitanda cha dirishani. Shangazi hakusumbuka kusimama. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye ule mkono wa chungwa.

Ndani, Pindo alikuwa chali, akitazama dari kwa jicho la kulia. Aliona ufa mwembamba kutoka kwenye taa mpaka pembeni, na kiraka cha rangi ambacho fundi fulani alikisahau. Aliona mlango ukifunguka. Manjano ikaingia, mbaya ileile, ikavuta kiti, ikakaa, ikaegemeza kichwa nyuma ili nayo itazame juu.

"Dari inasemaje?" Sanamu akauliza.

"Inasema umechelewa," Pindo akajibu. "Nawa mikono, saa ya dawa imefika."